Wanaoanguka Nyuma ya Steringi

Siku ya mnada, saa nane mchana, Scola alikuwa kwenye stuli yake katika banda la video la Abdulazizi, pale Shelui, kipaza sauti mkononi. Aliwatafsiria madereva wa malori na vijana wa machimboni picha ya kigeni. Ilikuwa ya mji wa kesho uliozungushiwa ukuta: maji yote ndani, watu wote nje.

"Kanuni mnaijua," alisema. "Steringi..."

"Hafi!" benchi zikaitikia, maana shujaa wa picha hauawi.

Chuoni, alikosomea stashahada ya fasihi, Scola alifundishwa kwamba kila aina ya hadithi ina kanuni zake, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuuliza zinamlisha nani. Umaksi uliuliza ukuta ni wa nani. Ufeministi uliuliza kwa nini mwanamke pekee mwenye jina yupo ili aokolewe. Scola alikuwa na swali lake: hawa wanaoanguka nyuma ya steringi ni akina nani? Alikuwa nalo tangu mlinzi wa mgodi alipompiga risasi kaka yake, Paskali, kwenye uzio, akiwa na mfuko wa mawe ambayo mgodi wenyewe uliyatupa. Redio ilisema mvamizi mmoja ameuawa. Mama yao, Agripina, alisikiliza taarifa mpaka mwisho, akingoja jina.

Picha ilipofika kwenye lango la ukuta, steringi akifyatua risasi, Scola akaacha kutafsiri maneno yake.

"Huyu anayeanguka ni Isaka. Fundi baiskeli. Mkewe anaitwa Dorkas, amemwekea uji."

Isaka akainuka, akajipangusa vumbi, akashuka kutoka kwenye runinga. Akasema habari za mchana. Watu wakasogea pembeni kumpa nafasi, akakaa.

Scola akamtaja wa pili, na waliofuata. Benchi zikajaa.

"Dada Scola, unatuharibia picha!" dereva mmoja alilalamika, amebanwa ukutani. "Sasa steringi atampiga nani?"

"Apige ukuta. Si ndio adui?"

Steringi akabaki peke yake barabarani na bunduki mbili. Ukuta hakuupiga.

Wa mwisho alilala kifudifudi kando ya uzio, ameshika mfuko. Kifungo cha kola Scola alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi mwekundu.

"Huyu ni Paskali, mwana wa Agripina, wa hapahapa Shelui. Hakuvamia kitu."

Paskali akashuka.

"Umechelewa, we mtoto," alimwambia dada yake.

"Picha ndiyo ilichelewa kuletwa."

Nyumbani Paskali alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa." Agripina akampakulia ugali na mlenda, akamwambia kwa Kinyiramba avue hilo shati, tundu lake lizibwe.

Asubuhi wote watatu walikwenda kwenye uzio. Mlinzi alikuwa yuleyule.

"Wewe si nilikupiga?"

"Ulinipiga. Nimekuja uniambie niliiba nini."

"Mimi silipwi kuongea." Akakoki bunduki. "Sogea tena uone."

Nyuma yake lori lilikuwa linamwaga mawe mengine ya kutupa. Wakarudi nyumbani.

Jioni redio ilitangaza kwamba mvamizi mmoja amefufuka mkoani Singida, na kwamba hali katika eneo la mgodi ni shwari. Agripina akaongeza sauti, akangoja jina. Paskali naye akaacha kutafuna.

Ikaja taarifa ya bei ya alizeti.