Matanga ya Floribert

Mwaka wa 1984 Eulalie wa mtaa wa Muhumba alipasuliwa kichwa, na mume wake ndiye aliyekufa.

Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka sita. Alipona, lakini maji ya kichwani yakakosa njia, yakawa yanajaa pole pole. Alipofika thelathini alikuwa anayumba akitembea, na mambo ya asubuhi jioni hayakumbuki. Mtaa ukasema ni kasiksi, ile pombe ya ndizi, naye pombe hajaionja maisha yake yote.

Mumewe, Floribert, aliupenda sana usahaulifu huo. Analala nje, kesho anaapa alilala ndani, na mke anaomba msamaha. Kisha akaenda Kamituga kuchimba dhahabu kwa wiki mbili. Ikapita miaka miwili.

Daktari mgeni alimweleza Eulalie waziwazi: atapitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, maji yapate pa kwenda. Huenda akapona, huenda akafa.

“Pasua tu, docteur,” Eulalie alisema. “Nimechoka kuuliza batu nilifanya nini jana.”

Wiki mbili baadaye, akitoka hospitali, alipita soko la Nyawera, wima kabisa, kichwa kipara kama walivyokinyoa kwa upasuaji. Kwao mwanamke hanyolewi hivyo bila msiba. Muuza samaki wa sambaza mmoja akaangua kilio: “Maman Eulalie, pole! Floribert alikufaka lini?”

Eulalie alifungua mdomo amsahihishe, akaufunga. Alijisikia vizuri mno, na hakuona aibu hata kidogo.

Jioni uwanja wa nyumba yake ulijaa watu wa matanga. Katekista Philémon alimsifu marehemu kwa wema ambao hakuna aliyewahi kuuona. Jeanine, mdogo wake Eulalie, aliyejua ukweli wote, alilia kuwashinda wote.

Habari ikafika Kamituga kwa lori. Siku ya tano, katikati ya sala, Floribert akaingia na vumbi lake. Watu wakapiga kelele, wengine wakaruka ua.

“Bibi yangu, niko muzima! Hata wiki ilipita nilikuwa hapa, tulikula bugali pamoja. Umesahau?”

Eulalie aliogopa sana. Akaanza kuzitafuta siku za wiki ile kichwani, moja moja. Zote zilikuwepo.

“Wiki ilipita nilikuwa mu hospitali,” alisema. “Jeanine ndiye alinilisha. Weye haukukuwako.”

Akamgeukia Philémon.

“Katekista, endelea na sala.”