Dawa ya Kabatini

Mgeni wangu kaingia nyumbani bila kubisha hodi. Kapita barazani hakugusa kitu, kapita sebuleni hakugusa kitu, kafika chumba cha ndani kabisa ndipo akaanza kula kitanda. Nani huyo? Fikiri kidogo. Umeshindwa? Usinipe mji, mji wako sina haja nao, nitakwambia bure. Ni tindikali ya kufifishia vioo, vile vioo vya bafuni vinavyopitisha mwanga lakini havimwonyeshi aliye ndani. Ikikudondokea, ngozi haisemi kitu. Nyama nayo haisemi. Inateremka polepole mpaka kwenye mfupa, na huko ndiko inakokula. Wanawake wa kiwanda cha vioo hivyo waliiita Mpole.

Mama Pacha alikuwa amesimama mbele ya beseni kubwa la Mpole tangu asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya glavu ya kushoto.

Jambo hilo lina maelezo yake. Kioo kinapotolewa kwenye beseni, mkono wa kulia ndio unaobeba uzito, tena kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo glavu za kulia zilikuwa zinatoboka upesi, na za kushoto zinabaki nzima, zimerundikana kwenye ndoo kama wajane. Na jozi mpya haitolewi mpaka zote mbili ziwe zimeharibika. Ndivyo alivyoamua msimamizi wao, ambaye kila neno lake lilikuwa taratibu, taratibu za kazi, taratibu za ofisi, mpaka wakampa jina la Bwana Taratibu. Basi wanawake wakabuni njia yao. Ukiipindua glavu ya kushoto, ya ndani yakawa nje, inageuka kuwa ya kulia. Wanaiosha kwanza kwenye pipa, wanaisuuza, wanaianika, ndipo wanaipindua. Njia hiyo walirithishana kama watu wanavyorithishana ususi. Mama Pacha alifundishwa na wifi yake, dada wa mumewe, siku yake ya kwanza kazini, na siku hiyo walicheka mpaka wakashika mbavu.

Leo pipa lilikuwa kavu. Maji yote yalikuwa yamekwenda kwenye sakafu, maana mkaguzi anakuja, na sakafu kweli iling'aa ungeweza kujitazama meno. Wifi aliipangusa glavu kwa kitambaa, akaipindua, akamrushia.

"Vaa, wifi. Usijifanye bibi harusi."

"Umeipangusa vizuri?"

"Nimeipangusa kuliko unavyowapangusa wanao pua."

Akavaa. Akatumbukiza kioo, akakitoa, akatumbukiza kingine. Unyevu kidogo aliusikia ndani ya vidole vya glavu, akadhani ni jasho.

Jua lilipokuwa limepanda ndipo kikaja kitu kama mwiba mdogo chini ya ukucha. Akakunja vidole, akavikunjua. Mwiba ukawa sindano. Akaivua glavu. Mkono ulikuwa mzima. Haukuwa na lengelenge wala wekundu, ila ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyeshinda anafua. Ungemwonyesha asiyejua angekwambia rudi kamalizie nguo zako.

Lakini yeye alijua. Wote walijua. Zamani kidogo aliletwa nesi mmoja kuwafundisha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Alichovya paja la kuku kwenye Mpole mbele yao, akaliweka kwenye sahani, akaendelea kusema mambo mengine. Alipolichukua tena, ngozi ilikuwa ngozi. Akalibonyeza kwa kijiti, na mfupa ulikuwa laini kama muhogo uliochemka. "Maji mengi, papo hapo," alisema. "Kisha dawa hii, mnaipaka na kuisugua, mnaipaka tena, huku mnakwenda hospitali. Msingoje kuumwa. Ukingoja kuumwa, imeshafika. Ikishafika inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye moyo." Akaziacha zile dawa, tyubu nyeupe nyeupe, kwenye kabati la vioo karibu na ofisi. Bwana Taratibu akalifunga siku hiyo hiyo. Ufunguo ukaingia mfukoni mwake.

"Wifi," aliita Mama Pacha. "Mpole kaniingia."

Wifi aliacha kioo chake kikaanguka chini kikavunjika, wala hakukitazama. Alikimbilia bomba la nje, likamtemea hewa. Akarudi na birika la maji ya chai, akamimina mkononi lote. Wanawake wengine, bila kuambiwa, wakaleta chupa zao za maji ya kunywa, mmoja baada ya mwingine, wakamimina. Maji yakaisha. Sindano hazikuisha.

Wakaenda ofisini, wifi amemshika kiwiko.

"Bosi, naomba dawa ya kabatini," alisema Mama Pacha.

Bwana Taratibu aliutazama mkono bila kuugusa. Alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado ipo kifuani.

"Mbona sioni kitu?"

"Haionekani, bosi. Iko ndani."

"Basi kama haionekani, inaweza kungoja."

"Yule nesi alisema isingoje."

"Nesi alisema, nesi akaenda zake. Mimi ndiye nipo." Hakuwa mtu wa kufoka. Alivuta kiti, akakaa, akaongea kama mtu anayembembeleza mtoto anywe uji. "Sikiliza, mama. Mkaguzi amefika getini, anapiga soga na mlinzi. Zile dawa bado zina karatasi zake mdomoni, hazijaguswa. Nikibandua moja, ataniuliza nani ameumia. Akishamjua aliyeumia, anafunga kiwanda. Unataka wenzako wakale wapi? Kwenye vidole vyako?"

"Nataka dawa tu, bosi."

"Utaipata. Akitoka yeye, nakufungulia mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na gari nakupa likupeleke hospitali. Taratibu tu, mama."

"Basi mwache atoke sasa, aende kwa miguu," alisema wifi.

"Atoke? Apishane na mkaguzi getini, kaukumbatia mkono hivyo kama mtoto mchanga?" Akainuka, akajifuta paji la uso. "Rudini kwenye mstari. Na wewe mama, mkono nyuma."

Ukumbini wifi alisimama, akainua mkono wake mwenyewe. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kifundo cha kwanza.

"Mimi nilingoja," alisema. "Si nipo?"

"Na kidole kiko wapi?"

Wifi akautazama mkono wake kana kwamba hakuwahi kuulizwa. "Kaka yangu hajapata kibarua tangu lini, unajua mwenyewe," alisema baadaye. "Mimi nawe ndio sufuria ya nyumba ile. Ni muda mfupi tu, wifi. Uma meno."

Mama Pacha akauma meno.

Mkaguzi alikuwa mzee mwenye viatu vilivyolika visigino, na alimwamkia kila mmoja, hata aliyekuwa anafagia. Aliuliza majina ya watoto. Alichungulia mabeseni kwa mbali, akatikisa kichwa, akasifu sakafu. Ungempenda. Mama Pacha alimpenda, na mkono wake ukiwa nyuma ya mgongo ulikuwa unadunda mpaka begani, kama kuna mtu ndani ya mfupa anatafuta mlango.

"Mimi sina mchezo," mkaguzi aliwaambia, kwa upole kabisa. "Niwaambie ukweli, nawatetea ninyi. Nikikuta hata mmoja ameumia, nafunga leo leo. Kule kwenye kiwanda cha betri nilifunga."

"Na wafanyakazi wa kule, mzee?" aliuliza wifi.

"Walirudi makwao."

"Wakafanya nini?"

"Hayo sasa sikuyafuatilia. Lakini walirudi wazima." Akatabasamu. Wanawake walitazamana, kisha macho yote, polepole, bila kupanga, yakamwendea Mama Pacha. Waliommiminia maji ndio hao hao.

Bwana Taratibu alifungua kabati. Ufunguo uligoma kidogo kwa sababu ya kutu. Mkaguzi akatoa tyubu moja, akaipindua mwangani, akaipuliza vumbi.

"Hii dawa haijawahi kufunguliwa," alisema. "Kwa nini?"

Bwana Taratibu akakohoa. "Mzee, taratibu zetu za usalama..."

"Wewe nitakuuliza ofisini. Nawauliza hawa."

Feni ya ukutani ilikuwa inalalamika. Mwanamke mmoja alianza kukunja upindo wa aproni yake kama anayetafuta sarafu iliyopotea humo. Wifi alitazama mbele, na mkono wake wenye kidole kifupi aliuficha kwapani.

Mkaguzi akatembea mbele ya mstari na ile tyubu mkononi. Akafika kwa Mama Pacha akasimama.

"Wewe mama unatetemeka. Una homa?"

"Homa, mzee."

"Umetoka jasho hivi. Utakwenda ukapime malaria?"

"Nitakwenda."

"Vizuri. Usiogope kusema na mimi, mimi ni kama baba yako. Hebu shika uone, labda hata hamkuwahi kuonyeshwa." Akamnyoshea tyubu.

Alinyosha mkono wa kushoto, lakini mkaguzi akacheka kidogo. "Kwa kulia, binti yangu. Mkubwa hapokewi kitu kwa kushoto."

Basi akautoa ule wa kulia. Vidole vilikuja vyenyewe, vyeupe, haviwezi kujikunja wala kujikunjua sawasawa, na mkaguzi akailaza tyubu juu ya kiganja kama anavyowekewa mtu ubani. Ilikuwa baridi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyofikiria. Kifuniko kilikuwa cha kuzungusha tu, na karatasi ya mdomoni ni ya kutoboa kwa ukucha. Alisikia wifi pembeni yake ameacha kupumua. Upande wa pili, kwa nyuma ya bega la mkaguzi, Bwana Taratibu alikuwa amefumba macho.

Mkaguzi aliinamisha kichwa, akautazama ule mkono. Aliutazama kwa muda. Haukuwa na lengelenge. Haukuwa na wekundu.

"Mikono ya kazi," alisema kwa heshima. Kisha akarudia swali lake, taratibu, kwa ajili yake peke yake. "Niambie basi wewe. Kwa nini haijafunguliwa?"

Mama Pacha alipeleka mkono wa kushoto, akaitoa dawa kwenye kiganja cha kulia, akamrudishia.

"Hatujawahi kuihitaji, mzee."