Sale la Bustani ya Bibi Hartnell

Siku moja kwa mwaka Bibi Hartnell alilifungua jumba la wakwe zake, ng'ambo ya Msimbazi, watu waje walitazame pamoja na bustani yake, ili misheni ipate chochote. Aristides, mwenye duka la kanga Kariakoo, hakuja kutazama jumba. Alimfuata mtunza bustani, Kasmir, kaka yake wa toka nitoke.

Mdomo ndio uliomponza. Mwezi uliopita, mbele ya wateja, alimwita Kasmir mtumwa wa Wazungu. Maneno hayo siku zile za siasa yalikuwa midomoni mwa kila kijana, lakini kumwambia mtu aliyekulea, na duka lenyewe limetokana na jasho la bustani hiyohiyo, jamani! Tangu hapo Kasmir hakuitikia tena shikamoo yake. Wazee waliotumwa kwake Magomeni walirudi mikono mitupu. Na Jumapili inayofuata mtoto wa kwanza wa Aristides anabatizwa. Abatizwe bila baba mkubwa, kama mtoto wa kuokotwa? Hyasinta, mkewe, alikwisha kusema wazi kwamba aibu hiyo haendi nayo kanisani.

Lililobaki ni sale. Mchagga akiletewa jani la sale na aliyemkosea, hana njia. Atasamehe, apende asipende. Lakini Kariakoo utalipata wapi? Mjini kote Aristides aliyajua masale ya mahali pamoja tu: yale aliyoyapanda Kasmir mwenyewe, kwa miche iliyotoka kwao Kibosho, kando ya baraza ya Bibi Hartnell.

Basi wageni wakaingizwa kwanza ndani. Picha ya baba mkwe, na ndevu zake. Saa ya baba mkwe. Pembe za nyati aliyeuawa na baba mkwe. Aristides alikanyaga watu visigino, akachungulia dirishani, akafuta jasho, akamkatiza Bibi kwa kikohozi cha uongo. Mzee gani huyu asiyekwisha?

Walipofunguliwa mlango wa bustani aliwapita wote. Mizambarau, maua, kijito kinachoshuka mtoni, hakuona hata kimoja. Kasmir alisimama kando ya masale, na siku hiyo kazi yake ilikuwa moja: atakayechuma chochote, amtoe nje.

"Shikamoo, kaka."

Kasmir akatazama mizambarau.

Aristides akainama, akanyofoa sale, akamnyoshea kwa mikono miwili.

"Kasmir!" Bibi Hartnell aliita kutoka barazani. "Huyo anachuma!"

Wageni wote wakageuka. Kasmir alilitazama jani, akamtazama Bibi. Akilipokea, amepokea cha wizi mbele ya tajiri wake. Akilikataa, amewakataa babu zake. Aristides alikuja kuomba radhi, kumbe amemkosea kaka yake mara ya pili, tena hadharani.

Kasmir akalichukua sale, akalitia mfuko wa shati upande wa moyo. Kisha akamkamata mdogo wake ukosi.

"Toka! Toka hapa!" alinguruma, akamburura mpaka langoni huku wageni wakicheka. Ukosi ukachanika.

Nje, nyuma ya ukuta, mkono ulilegea, ila haukutoka shingoni.

"Marahaba," alisema Kasmir, akihema. "Ubatizo saa ngapi?"