Nguo za Kidoti

Chama chao hakikuwa na jina la maana. Mtaani walikiita Chama cha Viraka, na wenyewe wakaona sawa tu, maana kazi yao ndiyo hiyo: kukusanya nguo kuukuu, kuzikata vipande, kuviunga na kutoa blanketi. Walikutana kila Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha duka la Fundi, mwanamke mnene anayechomeka sindano kifuani kama medali. Humo mlikuwa na meza moja ndefu, cherehani mbili, pasi yenye waya uliochoka, na mdomo wa Kasuku, mwanachama asiyejua kunyamaza, ambao Fundi alisema ungekuwa na pedali wangeshaivalisha nchi nzima.

Aliyeolewa alishonewa. Aliyejifungua alishonewa. Aliyefiwa alileta nguo za marehemu wake, na siku blanketi linaisha wanachama wote walishika kingo zake wakamfunika mwenyewe mabegani. Hapo mtu alilia mpaka achoke, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Sheria ya Fundi ilikuwa moja, na haina mjadala: kitambaa hakipandi mezani bila kufuliwa. Zamani waliwahi kuharakisha blanketi la bibi harusi, wakatia kitambaa kipya chekundu. Lilipoguswa na maji mara ya kwanza, blanketi zima likageuka rangi ya fizi, tena likajikunja. Tangu hapo, kufua kwanza.

Mfuaji alikuwa Shangazi. Hakuna aliyemchagua, ni mikono yake tu haijui kutulia. Hata hilo jina la Shangazi alipewa na Kidoti, binti wa kaka yake, aliyekuwa akimwita toka mwanzo wa barabara kwa sauti ya kuamsha mtaa. Chama kizima kikalidaka. Sasa Kidoti hayupo. Homa ilimwanza Jumatatu, Ijumaa wakawa wanatoka makaburini. Darasa la kwanza hata hakulimaliza.

Baada ya mazishi kaka mtu alirudi kazini na akaanza kuchelewa kwa makusudi. Mama Kidoti yeye alijilaza akauelekea ukuta. Kila jioni Shangazi alimpelekea chakula, na kila jioni alikuta cha jana kimeganda.

"Wifi, kula basi hata kidogo."

"Nitakula."

"Lini, wifi yangu?"

"Si nimesema nitakula?"

Shangazi alikuwa akitoka pale na sahani ya jana mkononi. Alishazika mmoja. Alimwona wa pili anakwenda hivihivi, kimyakimya, mbele ya macho yake.

Kwa hiyo siku Mama Kidoti alipogeuka mwenyewe na kusema, "Wifi, lile blanketi lenu, na mimi mngenishonea?" Shangazi alitamani kupiga vigelegele. Alijikaza.

"Tena hata leo!"

Mama Kidoti akatoa mfuko chini ya mto. Ulikuwa umekazwa mafundo mpaka masikio yake yamesimama. "Nenda nao. Jumamosi nitakuja. Ukibaki hapa leo, kesho sitautoa."

Shangazi alipoufungua kwake, alikuta magauni mawili, sweta la shule, na nguo ya kulalia. Hazijafuliwa. Kwenye kola ya sweta palikuwa na mstari wa jasho, na nguo ya kulalia ina doa la uji kifuani, la asubuhi ile ya mwisho. Akalia sana. Halafu akawaza, masikini wifi yangu, ameshindwa kuzifua. Nani angeweza? Basi hili nitamfanyia mimi.

Akachemsha maji. Akaloweka, akasugua doa kwa ncha za vidole asije akachubua kitambaa, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Akaanika juani, akageuza, akapiga pasi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia ana faida kwa mtu.

Jumamosi Mama Kidoti alikuja kweli. Amepungua mpaka kanga inamzunguka mara mbili, lakini amekuja kwa miguu yake. Kasuku akainuka kumpisha kiti.

"Karibu, mwenzetu. Kaa hapa kwangu, kiti kimeshapata moto."

"Hicho ni kiti au jiko?" Fundi akadakia, na Mama Kidoti akatabasamu kwa pembe ya mdomo. Wote wakajifanya hawajaona, maana furaha ingewaumbua.

Shangazi akaweka nguo mezani, zimekunjwa, zinang'aa. Mama Kidoti akaichukua ile ya kulalia akazika uso ndani yake. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akaishusha, akachukua sweta, akalinusa kwenye kola, kisha kwapani, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo. Akamaliza zote.

"Umezifua," akasema.

"Ndiyo, wifi. Na lile doa nimelitoa, ukitazama huwezi..."

"Nililala nazo chini ya mto wangu. Kila usiku nafungua mfuko kidogo, navuta, nafunga. Alikuwa bado yumo. Nikasema mkinishonea, nitalala nimejifunika naye, bila kufungua na kufunga mfuko tena." Alizungumza taratibu, kama anamweleza mgeni njia. "Sasa hizi zinanuka sabuni."

Kasuku akaweka sindano chini. Fundi akafungua mdomo. "Mwanangu, ile sheria ni yangu, kosa ni..."

"Kateni."

"Tunaweza kuacha, si lazima leo."

"Kuacha nini? Ni vitambaa hivi." Akachukua mkasi mkubwa wa Fundi, akaupitisha katikati ya kifua cha nguo ya kulalia, moja kwa moja. Ilibidi wakate na wao. Waliunga, wakatia pamba katikati, wakashona bila wimbo wala mzaha, na Mama Kidoti alikaa nao mpaka uzi wa mwisho, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Lilipoisha, wakashika kingo. Yeye akarudi nyuma hatua.

"Msinifunike. Mpeni mtu mwenye baridi."

Akatoka. Shangazi akamkimbilia hadi barabarani, anahema.

"Wifi, nitukane. Nipige hata. Usininyamazie."

Mama Kidoti akasimama. Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ungezichoma moto kwa chuki, wifi, ningekuwa na wa kumlaani. Ulisugua kwa mapenzi. Sasa mimi nimfanye nini mtu kama wewe?"

Akaendelea na safari yake. Shangazi akamfuata kwa nyuma, mbali kidogo, hakuthubutu kwenda sambamba naye. Alipofika nyumbani kwa wifi yake, mlango ulikuwa umeshafungwa kwa ndani. Akakaa kizingitini, akasikiliza kama humo ndani bado kuna anayetembea.