Meno ya Msumeno wa Gideoni

Kabla Gideoni hajarudi kutoka vitani, hapakuwa na mtu kati ya Same na Chome aliyeweza kushindana na Aminiel kwa shoka. Kuni za garimoshi katika stesheni ya Same zilikatwa na kundi la watu ishirini chini ya Mbaraka, mfanyabiashara wa pale mjini aliyepata tenda ya kuzipeleka, na katika hao ishirini Aminiel ndiye aliyepewa miti minene. Alijua kupasua gogo kwa kuufuata ufa wake wenyewe, si kulipigapiga ovyo. Alijua kugonganisha vipande viwili vya mgunga, akasikia kama vimekauka au bado vina maji. Watu walimwita fundi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Mwaka wa 1946 Gideoni akarudi kutoka Burma alikopigana vita. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Aminiel, na shoka la kwanza alilishika kwa kufundishwa na Aminiel huyohuyo. Sasa alirudi na koti la jeshi na msumeno mrefu wenye vishikio viwili, wa kuvutwa na watu wawili, alioununua Moshi kwenye mnada wa vitu vya jeshi.

Siku ya kwanza kazini alimwamkia Aminiel shikamoo kwa adabu, kisha akaangusha migunga mitatu kabla jua halijafika utosini. Aminiel alikuwa bado na mmoja.

Mbaraka alifurahi mno. Akawaambia wote waache kazi wamsikilize Gideoni, naye Gideoni akaeleza bila majivuno. Kwanza unachonga pengo upande unaotaka mti uangukie. Halafu unakata kutoka upande wa pili, juu kidogo ya pengo, lakini humalizi. Unaacha ukanda wa mti aliouita bawaba, kwa kuwa ndio unaouelekeza mti kama mlango. Msumeno huvutwa, hausukumwi. Anayesukuma anaupinda. Nayo meno, moja lipindwe kulia, jingine kushoto, kwa kipimo kimoja, la sivyo msumeno utakwenda upande.

Aminiel alisikiliza akiwa amekunja mikono. Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Laiti kijana angekuwa anaropoka, angecheka tu.

Nyumbani nako hakupata nafuu. Mkewe, Dorkasi, alisema kuni za shemeji zinapendeza, zimekatwa urefu mmoja, zinapangika kama matofali. Aminiel akasukuma bakuli, akasema kande haina chumvi. Dorkasi alionja; chumvi ilikuwapo.

Wiki ya tatu watu wakaanza kumwita Gideoni fundi. Aminiel alisikia kwa masikio yake: mtu aliita, "Fundi," yeye akageuka, kumbe hakuitwa yeye. Mchana huohuo, wenzake waliposhuka mtoni kunywa maji, alichukua nyundo yake, akaulaza msumeno juu ya kisiki, akayanyoosha meno yote ya upande mmoja. Haikuchukua muda. Alijiambia kwamba hataki kumuumiza mtu. Anataka tu msumeno ule umwaibishe Gideoni mara moja.

Kesho yake asubuhi Mbaraka akaja na mpango mpya. Mtu aliyekuwa akivuta msumeno na Gideoni alikuwa na homa, kwa hiyo kishikio cha pili kitashikwa na Aminiel. Angekataa vipi mbele ya watu? Akashika.

Walivuta. Walikuwa wamekata zaidi ya nusu ya mti Gideoni aliposimama, akainama kutazama.

"Kaka, msumeno unateremka," alisema. "Jana haukuwa hivi. Tuutoe tuuangalie."

Mbaraka alikuwa amesimama pembeni anatazama. Aminiel aliona kwamba meno yakiangaliwa, aibu itakuwa yake.

"Vuta tu," alijibu.

Gideoni akamtii, kwa kuwa alikuwa mkubwa wake. Msumeno ukashuka chini ya alama na kuila bawaba upande mmoja. Mti ukalia, ukajipinda, ukaanguka kando, si kwenye pengo. Aminiel aliruka. Gideoni naye aliruka, lakini mkono wake wa kulia ulichelewa kwenye kishikio, ukabanwa kati ya shina na kisiki.

Mfupa uliunga vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena.

Aminiel alikwenda kumwona akiwa na ndizi na maneno aliyoyapanga njia nzima. Alimkuta ameketi nje, msumeno mapajani, anayapapasa meno kwa mkono wa kushoto. Aminiel akasahau maneno yote.

"Mimi ndiye niliyeyanyoosha," alisema.

"Najua," Gideoni alijibu. "Nyundo yako ina pengo. Alama yake iko kwenye kila jino ulilolinyoosha."

"Mbona hukumwambia Mbaraka?"

"Angekufukuza. Mimi siwezi tena kushika tupa ya kunolea, na hapa hakuna mwingine mwenye jicho la kazi hii. Keti, nikuonyeshe."

Aminiel akaketi. Alidhani wivu ungekufa pale pale, lakini ulibadilika tu sura: sasa alimwonea wivu mdogo wake hata kwa moyo wake mwema. Alinoa jino baada ya jino huku Gideoni akimsahihisha, na alipokosea alisahihishwa kwa upole, jambo lililokuwa gumu kuliko kutukanwa. Asubuhi iliyofuata yeye mwenyewe alimweleza Mbaraka yote. Mbaraka akamwondoa kwenye miti, akamweka kupanga kuni stesheni mwaka mzima, na hakuna aliyemtetea isipokuwa Gideoni.

Hata hivyo kila jioni Aminiel aliupitia msumeno ule na kuunoa. Mkono wake ukazoea. Watu wa Gonja na wa Ugweno wakaanza kuleta misumeno yao, na siku moja mpasua mbao aitwaye Hezroni, akiujaribu msumeno wake kwenye gogo, alisema hajaona fundi kama yeye katika milima yote ya Upare.

Aminiel alilitamani neno lile kama mtu mwenye kiu. Aliliacha likae kidogo masikioni.

"Fundi anakaa nyumba ile," alisema mwishowe, akielekeza tupa nyumbani kwa Gideoni. "Mimi namnolea."

Ilimuuma kulisema. Akainamia jino linalofuata.