Kochi la Jocelyne, Mara ya Tatu

Kochi la Jocelyne limenichosha. Mwaka huu nimelivalisha upya mara mbili, na Jumamosi asubuhi likarudishwa karakanani kwangu, hapa Turffontein, mikono yote miwili imechanwa, sponji nje. Mwenyewe akaja nyuma yake, msusi aliyetoka Bukavu, amekumbatia boksi lenye matundu. Ndani yake paka alikuwa akilia.

Julai ya Johannesburg haimhurumii mzee. Miaka kumi na moja iliyopita msumeno ulinikata kidole cha shahada kwenye kiungo cha mwisho, na baridi ikija, kile kipande kisichokuwepo ndicho kinachoniuma. Sikuwa na hamu ya mtu wala paka.

“Papa Pandu, weka kitambaa ingine,” akasema. “Hii njo ya mwisho. Minou namupeleka Bez Valley, kuko mutu atamutosha makucha.”

“Amng'oe makucha? Ni daktari wa wanyama?”

“Docteur alikatala. Ati aiko kucha tu, ni kukata mufupa. Eish, Papa, niko muchofu. Siku muzima nasimama ku vichwa vya watu, nikirudi sina hata pa kukaa.”

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikateremsha jora la kitambaa kigumu kuliko vyote nilivyonavyo, nyuzi nene kama za gunia. Ndivyo nilivyofanya kila mara. Paka akichana, mimi naongeza ugumu. Nilipofunzwa ufundi kule Tanga niliambiwa uimara kwanza, basi.

Boksi likafunguka. Minou akaruka chini, akapita kiti cha mahameli bila kukitazama, akapita sofa la ngozi bandia, akaja moja kwa moja kwenye jora langu. Akajinyoosha, akazamisha kucha, akafumba macho kwa raha.

Uso ukaniwaka. Paka hakuwa na ugomvi na kochi. Mara mbili nilikuwa nimemwandalia chakula, kisha tukalaumu meno yake.

Ningeweza kunyamaza. Miaka arobaini ya ufundi, nani anapenda kujiumbua mbele ya mteja? Jocelyne alikuwa ameshainama kumrudisha boksini.

“Mama, ngoja. Hebu shika hapa.”

Akashika kigutu changu. “Ni baridi. Inauma?”

“Kinauma pale ambapo hakipo. Huyo mtu wako atamkata hapahapa, vidole kumi vya mbele. Na kosa si la paka. Mimi ndiye niliyekuchagulia kitambaa hiki anachokipenda.”

Alinitazama. Bora angenitukana.

“Mara mbili, Papa?”

“Mara mbili. Nisamehe. Nitakuwekea mahameli, na yeye nitamviringishia kamba ya katani kwenye gogo, achane mpaka achoke.”

Katani ndiyo iliyomaliza mikono ya baba yangu mashambani, nami nikaikimbia mpaka huku. Sikumwambia hayo.

Jocelyne akatoa simu. “Siko nakuja tena,” akamwambia mtu wa Bez Valley, akakata. Kisha akajitupa kwenye kochi lake bovu, akalala palepale, boksi tupu miguuni.

Minou alirudi kwenye jora langu zuri. Sikumfukuza. Nilikaa nikaficha kidole kwapani kipate joto, nikimsikiliza akichana kwa vidole vyote kumi.