Dirisha la Mapokezi

Mwanangu seremala, ambaye vumbi la mbao lilikuwa limemharibia mapafu, alihitaji kitanda chenye oksijeni. Binti yake alikuwa ameitwa kwa majaribio ya kazi ya mapokezi katika hospitali pekee yenye vitanda hivyo. Tukajipa moyo kwamba mwenzetu akiwa ndani, hatutakosa.

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Habari mbaya zilitolewa dirishani kwa Kiingereza, kwa kuwa mtu habishani na lugha asiyoimudu. Kwa hiyo nilimkalisha mjukuu wangu mezani, nikamfundisha neno moja: unfortunately.

“Hilo linatangulia. Unatua kidogo, ndipo utaje lililoharibika. Haya, duka limefungwa.”

“Unfortunately, the shop is closed.”

“Chai imepoa.”

“Unfortunately, the tea is cold.”

“Usitabasamu. Hakuna anayetaja bahati mbaya huku meno nje. Rudia.”

Baba yake alicheka kitandani mpaka kikohozi kikamkaba. “Mama, neno refu kuliko msumari wa kenchi! Mwache mtoto apumue.”

“Atapumua akishajua. Wewe je, umelielewa?”

“Kwa bahati mbaya, nimelielewa.”

Mjukuu wangu akapata kazi. Muda si mrefu, midomo ya mwanangu ikaanza kupiga weusi. Mimi na mkewe tukamkokota hadi hospitali. Dirishani alikuwa binti yake, na nyuma yake msimamizi, amekunja mikono kifuani.

“Unfortunately,” mjukuu wangu akasema, akatua, “all the beds are occupied.”

Hakutabasamu.

“We mtoto, huyu ni baba yako!” mkwe wangu akamaka. “Sema nasi kwa lugha yetu.”

Macho yalimjaa machozi. Akarudia yale yale, neno kwa neno.

Niliinua mkono nigonge kioo. Mwanangu akaushika. “Twende, mama. Kitanda hana, na akifukuzwa mtakula nini?”

Alikata roho alasiri, ameegemea bega la mkewe.

Jioni mjukuu wangu alisimama mlangoni na sare yake. “Bibi, vilikuwa vimejaa kweli. Haki ya Mungu, nilipita kila wodi.”

“Baba yako alijua. Ndiye aliyenizuia nisikugombeze.”

“Na mama?”

“Vua viatu, uingie umuage baba yako.”

Akaingia. Mama yake akamsogezea nafasi mkekani, lakini hakumtazama.